Kapita wa Kiwanda cha Magunia

Mzungu alipokuja Kasongo kujenga kiwanda kikubwa cha magunia, mtu wa kwanza kurukwa na akili alikuwa mume wangu, Faradji. Alipewa cheo cha kapita, yaani msimamizi wa vibarua, pamoja na kaptula na buti, basi akawa ananisalimia mimi mkewe kama mpita njia.

Kiwanda kilitaka juti, mmea wa nyuzi za magunia. Faradji akamwonyesha Mzungu bonde langu la mpunga, nililoachiwa na mama, lililolisha nyumba nzima, tumbo lake likiwa la kwanza.

"Mama Alimasi," akaniambia, "mupunga iko kazi ya zamani. Juti njo maisha."

"Na batoto batakula nini, Baba Alimasi? Kamba?"

Mpunga uling'olewa ndiyo kwanza unachanua, juti ikapandwa. Nililia kwa hasira mbele ya watu.

Kiwanda kikanawiri. Mashine zikanguruma, malori yakabeba magunia hadi mji wa Kabambare, na Faradji akavimba kichwa. Sasa, mabua ya juti huloweshwa kwenye maji yanayotembea, nyuzi zibanduke safi. Lakini direkta, yule Mzungu mwenye kiwanda, alitaka mengi, tena upesi, na mto ulikuwa mbali. Kapita wetu, mtu aliyekulia mtoni, akaitika "Ndiyo, Bwana," akayatupa kwenye dimbwi bovu nyuma ya kiwanda.

Ikafika Maulidi. Mchele wa sherehe ulikuwa umekaa ndani ya magunia ya nyuzi zile za dimbwini. Pilau ilipofunuliwa, uwanja wa msikiti ukanuka choo. Wageni kutoka Kabambare waliinuka bila kugusa tonge. Tangu hapo wafanyabiashara wakalikataa gunia la Kasongo, wakarudia vikapu. Mashine zikanyamaza moja moja. Direkta akasema watu weusi ni wavivu, akapanda gari lake, akaenda zake.

Faradji akanifuata bondeni, buti zimepasuka.

"Mama Alimasi, tupande tena mupunga yetu."

Yetu! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Mbegu iko wapi?" nikamuuliza. "Uling'oa yote mbele ikomae."

Akainama. "Tutaomba kwa bajirani."

"Wewe njo utaomba. Na kila nyumba utabaambia sababu gani mbegu ya mama yangu iliisha."

Akaenda. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Amisa, mwanamke aliyepika pilau ile ya Maulidi. Nilimfuata mume wangu kwa karibu, nisikose hata neno.