Saa Isiyotazama Mashariki

Unageuza uso, msomaji, usijifanye hujui. Ukifika Pruett, makao makuu ya kaunti ya Ogden huko Alabama, unaegesha gari uwanjani, unanunua soda, unatazama saa iliyo juu ya mahakama, kisha unaendelea na safari. Huulizi kwa nini ina nyuso tatu tu. Upande wa nne, ule wa mashariki, wamepigilia ubao mweupe.

Mji ulianza kama kilima cha kupakilia pamba, chini yake kijito cha Sipsaw. Reli ilipokuja ikakaa magharibi, na maduka yakaifuata. Mahakama ya kwanza iliungua. Ya pili ilijengwa kwa matofali yaliyofyatuliwa na watu Weusi wa ng'ambo ya kijito, upande wa mashariki, mahali panapoitwa Cotter's Bend. Saa ilipoletwa, wakubwa wa kaunti walisema watu wa Bend hawana shughuli ya kuwafanya waulize ni saa ngapi, wakapigilia ubao upande wao.

Tangu siku hiyo wakati haukuvuka kijito. Kule Bend mahindi yaliiva na kuku walitaga, lakini watu walibaki na umri waliokuwa nao. Mtoto alipotakiwa kukua, mama yake alimpeleka kwa shangazi upande wa magharibi, akamrudisha akishapevuka. Bomba la maji waliloahidiwa na kaunti lilikuwa la mwezi ujao, na mwezi ujao haukufika. Walichota kisimani, wakasema ni mambo ya saa.

Ardelia Tisdale aliondoka Bend akiwa msichana, akaenda kupika nyumbani kwa Jaji Coble, upande wa magharibi. Alipika huko mpaka magoti yakaanza kulia. Dada yake mkubwa, Vernell, alibaki katika nyumba ya baba yao, na shingo yake ilikuwa bado laini kama ya mwanamke wa miaka thelathini.

Mwezi wa Agosti, kwenye karamu ya kanisa la Bend, mgeni aliyetoka Chicago aliwakuta wote wawili mezani.

"Binti," akamwambia Vernell, "hebu mpishe bibi yako akae."

Vernell alicheka mpaka akashika mbavu. "Bibi, karibu kiti!"

"Usinitanie, dada."

"Nani alikutuma ukazeekee kwenye jiko la wazungu? Si nilikwambia kaa hapa?"

"Na hayo mabati unayolalia chini yake, nani aliyanunua?"

"Wewe, bibi."

Meza nzima ikacheka. Ardelia alikula keki yake ya pichi bila kuisikia ladha. Akamtazama dada yake akiinuka kwenda kucheza na watoto, akiinama na kuinuka bila kushika kiuno, na wivu ukamwingia, haukutoka.

Wivu huo haukuwa wake peke yake. Bi. Coble, mke wa jaji, alizoea kusimama dirishani akijipaka krimu shingoni, akiwatazama wanawake wa Bend wakianika nguo ng'ambo ya kijito. Siku moja aliingia jikoni, Ardelia akimenya pichi.

"Ardelia, baba yenu aliacha wosia?"

"Hakuacha, mama."

"Basi nusu ya ile nyumba na kiwanja ni yako. Niuzie nusu yako."

Ardelia alijua maana yake. Watu Weusi wa kaunti ile wote walijua. Ardhi isiyo na wosia ni ya watoto wote kwa pamoja. Mmoja akiuza fungu lake, mnunuzi huenda mahakamani, na mahakama huamuru kiwanja kizima kinadiwe. Shangazi yake aling'olewa hivyo hivyo.

"Dada yako humwonei huruma?" akauliza Bi. Coble, kalamu mkononi.

"Sitaki afe, mama. Nataka azeeke tu."

Akaweka sahihi, vidole vikinata maji ya pichi.

Mnada ulifanyika kwenye ngazi za mahakama. Aliyeamuru uuzaji alikuwa Jaji Coble, na mtu pekee aliyetaja bei alikuwa mkewe.

Vernell alivuka daraja akibeba mto wake na sufuria ya baba yao. Katikati ya daraja mvi zilimtoka. Kufika mwisho mgongo ulikuwa umepinda, jino likadondoka. Akaliokota, akalitia mfukoni mwa aproni. Askari aliyetumwa kumtoa alimshika kiwiko, akamwambia aangalie ukingo. Ardelia alikuwa anamngoja.

"Umefurahi sasa?"

"Kidogo."

"Haya, nishikie sufuria. Mgongo huu huuma hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ulikuwa unacheka."

Jumapili walikwenda kanisani pamoja. Uzee ulikuwa umempendeza Vernell. Nywele zake zilikuwa nyeupe pe, uso umetulia. Shemasi aliinuka haraka, akampa yeye kiti, akamwacha Ardelia amesimama. Ardelia akamtazama dada yake utosini ibada nzima, na wivu ule ulikuwa pale pale.

Bi. Coble alihamia Bend na shingo yake haikukunjamana tena. Aliomba ule ubao wa saa upakwe rangi upya. Bomba la maji lilivuka kijito wiki ile ile, likaishia mlangoni kwake. Hapo watu wa Bend wakajua kwamba si saa iliyokuwa inachelewesha bomba. Wakaendelea kuchota kisimani.

Jumatatu hii inanadiwa nyumba ya akina Sturdivant, waliokuwa majirani wa Vernell kule Bend. Binamu yao mmoja ameshauza fungu lake. Wewe unayesoma, weka chini karatasi hii. Nenda ukasimame kwenye zile ngazi, na wenzako wote, mpajaze mpaka dalali akose pa kukanyaga. Na kama baba yako yu hai na ana ardhi, mwandikishe wosia leo, kabla hamjalala.