Goli la Kukisia

Daktari alimpa refa mstaafu wiki mbili za kuishi, naye akamwita golikipa aliyenyimwa kombe na goli ambalo refa huyo alilihesabu miaka thelathini nyuma.

"Ndugu yangu, sitaki kwenda kuulizwa huko. Ule mpira sikuuona ukivuka mstari. Nilikisia tu."

Golikipa, mzee sasa, akakuna kichwa. "Ulivuka, bwana. Niliurudisha upesi, kisha nikaapa mbele ya uwanja mzima kwamba haukuvuka."

"Na ukaniita mwizi mpaka sokoni?"

"Mpaka kwenye msiba wa mama yako."

Refa akaitazama dari. Moyo wake ulikuwa umetua.

"Basi mimi natangulia. Wakiniuliza habari zako, niseme nini?"

"Sema nimekiri."

"Nitasema. Lakini kadi ya njano unayo."