Chaji ya Kufika Wodini

Dada Deki alikuwa anakamua tambara kwenye korido ya ghorofa ya tano simu yake ilipozima, na pale pale naye akawa hayupo. Mhasibu aliyekuwa anakuja na kikombe chake cha kahawa akapita juu ya sakafu mbichi, akaacha alama za viatu mpaka mlangoni kwake. Ndoo aliikwepa. Ndoo ilionekana, kwa kuwa ndoo ni mali ya kampuni na haitegemei chaji.

Hakuna aliyeshangaa, hata yeye mwenyewe. Alizifuta zile alama akaendelea na kazi. Siku chache nyuma yalimkuta Vioo, mwenzake anayesafisha madirisha kwa nje: watu wa ofisini waliona kitambaa kinapanda na kushuka chenyewe kwenye kioo, wakavuta mapazia kwa ajili ya jua.

Jengo lile lilianza na vibati. Waliolifagia mwanzo walivaa kibati cha namba shingoni, na asiye na kibati hakupita getini. Ikaja kengele, kikaja kitabu cha sahihi, ikaja mashine ya vidole iliyowakataa wote ambao vidole vyao vimelika kwa sabuni. Sasa ni simu. Tofauti ni kwamba kibati kilitolewa na kampuni, lakini simu mfanyakazi anajinunulia, anaiwekea bando lake, anaichaji kwa umeme wa nyumbani kwake. Wakubwa wanayaita hayo maendeleo. Programu iliyomo inauliza mchana kutwa, "Upo?", na mtu anajipiga picha na kubonyeza "Nipo". Simu ikizima, mfumo unaandika kwamba hayupo. Na ambaye mfumo umesema hayupo, basi hayupo: haonekani, hasikiki, na akimgusa mtu begani, mtu huyo hujikuna.

Dada Deki alikuwa ameshazoea. Jioni alifika nyumbani, akachomeka simu kabla hajavua viatu, akakaa kimya kitandani. Ilipofika asilimia mbili mumewe aligeuka na kusema, "Ah, umeshafika," akamsogezea sahani. Angeweza kuishi hivyo miaka. Watu wameishi na mabaya kuliko hayo na wakapewa vyeti vya utumishi wa muda mrefu.

Kisha mama yake akateleza bafuni, akavunjika nyonga.

Wodi ya wanawake ilipokea wageni jioni tu, saa ambayo Dada Deki alikuwa ndiyo kwanza anatoka kazini. Akipitia nyumbani kuchaji, muda wa wageni ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo alikwenda moja kwa moja, simu imekufa mfukoni, akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda; soketi za wodini zilikuwa za mashine tu. Mama aliangalia mlango.

"Hajaja tena," mama alimwambia mgonjwa wa kitanda cha pili. "Nimezaa jiwe."

"Nipo hapa, mama," alisema Dada Deki.

"Jiwe lingekuja hata kwa kuviringika," alisema mgonjwa wa pili.

Muuguzi alipita na karatasi ya kukubali upasuaji. Mama aliisukuma. "Sikatwi mpaka nimuone mwanangu kwa macho yangu."

"Bibi, ametuma salamu asubuhi."

"Salamu? Kwani yeye mwanasiasa?"

Dada Deki alilia pale pale kitini, na muuguzi akaweka trei ya dawa mapajani mwake, akidhani kiti ni kitupu.

Kukosa kazi siku nzima lilikuwa jambo jingine. Mfumo ukimkosa mtu tangu asubuhi hadi jioni unamfuta, na akifutwa, kadi ya bima inakufa pamoja naye. Na ile nyonga ingeshonwa kwa kadi hiyohiyo. Alihitaji kuwapo kazini mchana kutwa na bado abaki na chaji kidogo ya kuonekana na mama yake. Hilo tu. Hakuomba mbingu.

Alikuwa ameshajaribu soketi. Korido nzima ina soketi, moja kila baada ya mlango, na yeye ndiye anazifuta vumbi. Siku moja, akiwa haonekani, alichomeka simu yake kwenye mojawapo. Ilipofika asilimia mbili akaonekana, amechuchumaa, na msimamizi amesimama juu yake.

"Umeme wa ofisi si wa kuchajia simu za watu," alisema msimamizi.

"Simu ya watu si ndiyo mnayoniandikia kazi?"

"Usinijibu kisiasa." Akampa onyo la mdomo, kisha la maandishi, kwa sababu la mdomo mfumo haulisomi.

Vioo alimwazima pawabenki, betri ya kuchajia simu popote. Mlinzi aliichukua getini asubuhi, maana vyombo vya umeme haviruhusiwi kuingia. Jioni mwenye chombo angerudishiwa, mradi aonekane. Jioni hakuonekana. Alisimama mbele ya dirisha la mlinzi mpaka miguu ikauma.

Ndipo muuguzi alipotuma ujumbe: daktari amechoka kusubiri. Kesho jioni mama akikataa tena, anarudishwa nyumbani na nyonga yake kama ilivyo.

Dada Deki alikwenda kwa msimamizi kumwomba nusu saa ya soketi. Alimkuta ana feni, birika, na simu tatu zimelala kwenye nyaya kama watoto wa paka wananyonya.

"Mama yangu hataki kupasuliwa mpaka anione, bosi wangu. Naomba nichaji kidogo tu kabla ya kutoka."

"Pole sana kwa mama, dada yangu. Lakini nikikuruhusu wewe leo, kesho watataka wote."

"Na wakichaji wote?"

Msimamizi alifikiri kwa dhati. Ilionekana wazi kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Itakuwa vurugu," alisema mwishowe. "Wewe jifunze kuitunza betri. Watu wengi hawajui kutumia simu."

Basi akajifunza. Chumba cha mifagio kikageuka chuo kikuu. Punguza mwanga, alisema Vioo. Zima mtetemo. Weka picha nyeusi nyuma. Usiiweke karibu na maji ya moto, betri haipendi joto. Mpishi wa chai alisema ifungwe kwenye soksi. Dada Deki alifanya yote. Alipunguza mwanga mpaka akawa anaitafuta "Nipo" kwa kupapasa. Alifuta nyimbo zake, akafuta sauti ya marehemu kaka yake iliyokuwa imehifadhiwa humo, kwa kuwa Vioo alisema simu iliyojaa inachoka upesi. Hakupiga simu, hakupokea. Ilimjia, akiwa anapanda ngazi na ndoo, kwamba amebakiwa na simu isiyo na kazi yoyote isipokuwa kumsemea kwa tajiri.

Kesho yake chaji ilitembea naye kama mgonjwa anayejikongoja. Saa ya chakula bado ilikuwa nusu. Alasiri mfumo ukaleta toleo jipya lililojipakua lenyewe, likaondoka na robo bila hodi. Dada Deki aliishika simu kwa mikono miwili, akaipulizia kama uji.

"Shikilia, shoga," alisema Vioo kutoka nje ya dirisha. "Usiiangalie sana. Hata kuangaliwa kunakula chaji."

"Nyamaza, Vioo, hata wewe unakula chaji."

Alitoka getini na asilimia sita. Barabarani watu walimpisha, dereva akampigia honi akamtukana, na tusi lile lilimfurahisha. Alikuwa hajatukanwa jioni muda mrefu. Mlangoni pa wodi alikuwa na tatu.

Mama alimwona tangu mlangoni. Hakutabasamu.

"Kumbe unazijua njia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea nikutazame. Umekonda. Huko unakokula, nao wanakula nyama yako?"

"Nilikuwa nakuja kila siku, mama. Chaji ilikuwa inaisha."

Mama alimshika kidole gumba na kukisugua kama anavyosuguliwa mtoto aliyechafuka. "Kila jioni nilisikia harufu ya sabuni ya sakafu hapa," alisema. "Nikasema, hospitali hii kweli wanajali usafi."

Kisha akamwita muuguzi. "Lete karatasi yako. Nimeshamuona."

Muuguzi aliileta. Mama alibandika dole gumba. Simu ikatoa mlio mfukoni: kampuni ilikuwa inafanya uchunguzi wa furaha ya wafanyakazi, na video ya mkurugenzi ikafunguka yenyewe, ikiwa na muziki. "Familia yetu ya kazi," alianza mkurugenzi. Hapo ikazima.

"Na ndugu atie sahihi hapa chini," alisema muuguzi, akiinua macho. Akaona kiti. "Ameondoka?"

"Simu yake imezima," alisema mama.

"Ooh." Muuguzi alielekeza kalamu upande wa kiti, akangoja. Kalamu ikachukuliwa, sahihi ikajiandika, imepinda kidogo. Aliikagua, akaridhika. Kisha alitoa simu yake mwenyewe mfukoni mwa koti, akaiangalia kwa wasiwasi, akaharakisha kwenda kitanda kingine wakati bado anaonekana.

Kengele ya wageni ilipolia, mlinzi alipita akiwatoa watu mmoja mmoja. Kiti cha Dada Deki alikipita. Angeweza kukesha pale, na hakuna ambaye angemzuia. Mama alikuwa bado amemshikilia kidole, na mkono wake uliokunja hewa haukumshangaza mtu wodini.

"Nenda," alisema mama. "Nenda kachaji, usije ukafutwa kabla sijapasuliwa."

Akaenda.

Asubuhi walimlaza mama kwenye kitanda cha magurudumu. Alimwomba msukumaji asibane ukuta wa kushoto.

"Kuna nini kushoto, bibi?"

"Mwanangu anatembea na mimi."

Msukumaji, ambaye alikuwa amewasukuma wengi wa namna hiyo, alisogea kulia, akaacha nafasi ya mtu mmoja, na mama akanyoosha mkono upande huo mpaka walipofika mlango wa chumba cha upasuaji. Pale kushoto hapakuwa na mtu. Dada Deki alikuwa ghorofa ya tano, betri imejaa, na kila aliyepita koridoni alimwona vizuri kabisa.