Mbao Zashuka, Vitanda Vyapanda

Vumbi lilikuwa letu, ewe barabara, kabla hujaja. Lilikaa mezani, likaingia kwenye chumvi, likalala kwenye kope za watoto. Ulipokuja na lami yako nyeusi, mimi ndiye niliyepiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. "Sasa tutauza," akasema mume wangu, fundi seremala, maranda ya mbao yamemjaa kichwani. "Mjini watavijua vitanda vyangu."

Wakakujua wewe kwanza.

Malori yalikuja matupu, yakaondoka na magogo. Yakaja matupu, yakaondoka yakigumia kwa uzito, hata mbao zikawa adimu kwetu sisi tuliolala mlangoni pa msitu. Kisha yakaacha kuja matupu: yakatuletea vitanda vya kiwandani, vimevikwa nailoni, bei ya kutupa. Wateja wakawa wanatupita macho chini. Hata mdogo wangu, alipooa, alinunua cha mjini.

"Dada, usininunie," akasema. "Mfuko ndio ulioamua."

Nimlaumu yeye? Thubutu! Nakulaumu wewe, na waliokuchora. Mlimkuta mmoja ana mashine, ana umeme usiokatika, ana benki inayomwita kwa jina. Mlimkuta mwingine ana randa na mikono yake. Mkawaambia: haya, shindaneni, njia ni moja! Mwenye nguvu mpisheni. Tukampisha, tukabaki mtaroni.

Mkubwa mmoja alikuja kukusifu. Akasimama kivulini, sisi juani.

"Tumewaunganisha na mji," akasema.

Nikanyanyuka. "Mheshimiwa, hata mrija unaunganisha mdomo na soda. Tuambie, anayenyonya ni nani?"

Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka, akaingia garini, akateleza juu ya lami akaenda zake.

Mume wangu akafunga karakana, akapanda basi na begi moja. Huko kiwandani amepewa bisibisi, akaze skrubu za watu, kutwa nzima, mbao za msitu wetu zikimpita mbele.

Jana mchana akapiga simu.

"Mama Pacha, leo tumepakia vitanda vya kuja huko."

"Vya nani?"

Akakohoa. "Vya bweni la shule yetu."

Shule wanayosoma pacha wetu! Kwa hasira nikatoka nje, simu sikioni, nikakukodolea macho wewe, barabara.

"Mama Pacha, upo?"

"Mimi nipo hapa," nikasema. "Asiyekuwepo ni wewe."