Matuta Mawili ya Mama Jasim

Philip, mtunza bustani, alikwenda likizo kwao Kakamega mwishoni mwa Januari, na kesho yake asubuhi Faridah akaushika mpira wa maji bila kuombwa na mtu.

Huo ulikuwa mwaka wake wa nne katika nyumba ile ya Al Wakrah. Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kufagia, kupiga pasi na kumsaidia Mama Jasim kuoga na kutembea. Mama Jasim alikuwa mjane wa miaka sabini na tatu, mwenye akili kali na magoti mabovu. Lakini kabla ya kuja Qatar, Faridah alikuwa amelima mboga Mlalo, kwenye milima ya Usambara, tangu akiwa na miaka tisa. Kabichi, karoti, njegere, vyote vilipita mikononi mwake. Hakuona sababu ya kuiacha bustani ikauke eti kwa kuwa mwenyewe hayupo.

"Kazi hii unaijua?" Mama Jasim alimuuliza kwa Kiarabu. Alikuwa ameketi barazani, blanketi magotini.

"Naijua kuliko kupiga pasi, Mama."

Bibi alimtazama, kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika nusu. Pasi ya Faridah aliijua.

Mwaka huo baridi ilikataa kuondoka. Februari iliingia na upepo wa kaskazini ambao ulipita chini ya milango na kuleta vumbi na ubaridi pamoja. Walinzi wa mtaa ule walivaa kofia za sufu mpaka saa nne asubuhi. Yusufu, dereva wa nyumba, mtu wa Pemba, alikuwa akiwasha gari dakika kumi kabla ya safari na kukaa ndani mikono kwapani, akisema kwamba baridi hii haikuwamo kwenye mkataba wake.

Wiki ya kwanza ya mwezi huo Mama Jasim alimpa Faridah orodha ya vitu vya kununua soko la miche: mbegu za bamia, miche ya mrihani, mbegu za maboga. Ilikuwa orodha ya kila mwaka. Marehemu mumewe alikuwa akihesabu siku kwa nyota, na kwa hesabu yake bamia zilitakiwa kuwa ardhini kabla Februari haijafika katikati. Miaka kumi na mmoja tangu afe, mkewe alikuwa hajaibadilisha hata siku moja.

Faridah alikwenda kwanza bustanini. Akapiga magoti kwenye tuta la ukutani na kuzamisha mkono mpaka kwenye kifundo. Akauacha humo kitambo. Alipoutoa, vidole vilikuwa vimekufa ganzi kidogo.

Sokoni alinunua mbegu za bamia, kwa sababu alitumwa. Mrihani aliupita. Akachukua mbegu za figili, za spinachi, za giligilani na za jarjir, yale majani makali ambayo watu wa huku hawakai mezani bila hayo.

"Dada, hapa pameandikwa mrihani," Yusufu alisema, akiwa ameishika ile karatasi. "Mie nasoma mrihani. Na maboga."

"Ukipandwa wiki hii utakuwa mweusi kabla ya Ijumaa. Maboga nayo yatalala tu humo ardhini."

"Sawa. Lakini Mama akianza, mie simo."

Mama Jasim alianza hata kabla mifuko haijatua chini. "Nilikutuma mrihani, umeniletea figili. Nani amekwambia ubadilishe?"

"Udongo, Mama."

"Udongo unasema?"

Faridah alikwenda nyuma ya nyumba, akajaza udongo wa tuta la ukutani kwenye beseni la kufulia, akalileta na kuliweka juu ya kiti mbele ya bibi. "Tia mkono. Wote. Hesabu mpaka sitini."

Yusufu, aliyekuwa akiteremsha mfuko wa mwisho, aligeuka akaenda zake garini.

Mama Jasim alivua pete yake, akaiweka juu ya blanketi, akazamisha mkono. Alihesabu kwa sauti. Alipofika arobaini aliutoa na kuupangusa kwa kitambaa taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Ni baridi," alisema. "Lakini bamia haipandwi kwenye beseni."

"Mbegu ya bamia inataka joto chini yake. Ikikosa joto inakunywa maji, inavimba, inaoza. Figili na jarjir zinaipenda hali hii. Hali ya hewa imetupa wiki tano au sita ambazo hatukuzitegemea, tuzitumie. Bamia zitangoja, hazitakimbia."

"Mume wangu alizipanda siku hizi miaka arobaini."

"Sijasema alikosea, Mama. Nasema mwaka huu ni mwingine."

Upepo ulitikisa mkunazi ulio katikati ya ua, na kunazi kadhaa zikaanguka kwenye zege. Bibi alinyoosha fimbo yake. "Tuta la ukutani ni langu. Panda bamia, leo. Tuta la mkunazini ni lako. Tutaona."

Faridah alipanda bamia siku ile ile, na alizipanda vizuri. Aliulegeza udongo, akachanganya samadi ya mbuzi iliyooza, akatoboa vishimo vya kina cha kifundo kimoja cha kidole, mbegu tatu kila kimoja. Hakutaka kushinda kwa hila. Baadaye akahamia tuta la mkunazini, akachora mistari kwa ncha ya fimbo na kumwaga mbegu zake. Kila asubuhi, baada ya kumwogesha bibi, aling'oa magugu, akasafisha mipira ya umwagiliaji wa matone iliyozibwa na chumvi, akamwagilia jua likiwa limeshapanda ili maji yasilale baridi kwenye mizizi.

Jarjir ilichomoza siku ya nne, figili siku ya sita. Tuta la bibi lilibaki tupu. Siku ya kumi na mbili Faridah alifukua shimo moja. Mbegu zilikuwa laini kama maharage yaliyochemshwa, zinanuka uchachu.

Jioni, akimkanda bibi magoti, alisikia swali alilokuwa akilingoja.

"Umefukua?"

"Nimefukua."

"Zimeoza?"

"Zimeoza, Mama."

Mama Jasim aliutoa mguu ule na kumpa mwingine.

Ramadhani ilianza baridi ikiwa bado ipo. Wiki ya pili ya mfungo redio ilitangaza siku nne za upepo mkali na usiku wa baridi kuliko mwingine wowote wa msimu huo. Faridah alizifikiria nyanya. Philip alikuwa ameacha miche sita kando ya ukuta wa jikoni, mirefu, imejaa maua, na miwili ilikuwa tayari na nyanya za kijani za ukubwa wa gololi. Mama Jasim alizipenda kuliko kitu chochote pale uani. Kila siku aliuliza habari zake.

"Zifunike kwa shuka," alisema.

"Nailoni ni bora, Mama. Kwetu tulifunika kwa nailoni, inashika joto."

"Shuka."

"Niachie mimi."

Alisimika vijiti, akatandaza nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, akafukia kingo zake pande zote. Usiku wa kwanza upepo ulipiga mpaka alfajiri. Asubuhi alifunua kidogo akakuta majani mazima, hayajalowa umande, na hewa ya ndani ina uvuguvugu. Akafunika tena akaingia ndani. Siku hiyo wageni walikuwa wanakuja kufuturu, ndugu wa marehemu kutoka Doha, na kulikuwa na sambusa mia moja na ishirini za kukunja.

Saa sita upepo ulitulia na mawingu yakaondoka. Faridah aliliona jua dirishani. Alikumbuka kwamba nje watu walikuwa bado wamevaa masweta, akaendelea kukunja.

Alipotoka saa tisa na nusu na kuinua nailoni, joto lilimpiga usoni kama mlango wa tanuri umefunguliwa. Majani yalikuwa yamelegea, yamebadilika rangi, yananing'inia kama mchicha uliotolewa sufuriani. Alishika shina moja, la pili, la tatu. Kule Mlalo siku ya baridi ni siku ya ukungu, jua halionekani. Hapa siku ya baridi ina jua lile lile la jangwani, na yeye alikuwa ameishi nalo miaka minne.

Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kwa muda, mikono kwenye magoti. Kisha akanyanyuka, akanawa, akaenda moja kwa moja barazani. Hakutaka bibi ayaone mwenyewe, wala aambiwe na Yusufu.

"Mama, nyanya za Philip nimeziua mimi."

Mama Jasim aliacha kuvuta tasbihi. "Zote sita?"

"Tano. Ya sita sijui."

Bibi aliiweka tasbihi juu ya blanketi. "Shuka," alisema.

"Ndiyo, Mama. Shuka."

Faridah alidhani yatafuata maneno mengine, na alikuwa tayari kuyapokea. Badala yake Mama Jasim alimwambia akafungue sanduku la chuma lililo chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na shuka za pamba zilizochakaa, zimekunjwa kwa mpangilio, kila moja ina madoa ya udongo ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyatoa. Wakatoka wote wawili, bibi akimshikilia bega. Faridah akamwekea kiti karibu na ukuta wa jikoni.

"Chomeka kuti la mtende upande wa kaskazini," bibi alielekeza. "Lilaze kidogo. Shuka iegemee kuti, isiguse jani. Kusini acha wazi. Mche upumue. Marehemu alinifokea mara mbili ndipo nikashika."

"Wewe ulikuwa unafanya?"

"Nani mwingine? Yeye alihesabu nyota. Aliyeinama ni mimi."

Faridah alicheka, na bibi akacheka, na kazi ikaenda. Walifunika mche wa sita, wakafunika na mlimau mchanga. Tano zilizokufa Faridah alizing'oa na kuzitupa kabla ya adhana, ili wageni wasizikute pale.

Jioni hiyo mezani kulikuwa na sinia la jarjir na figili nyekundu, zimeoshwa, majani yake bado yamesimama. Jasim, mtoto wa kwanza wa bibi, alitafuna ya kwanza, akachukua nyingine tatu.

"Hizi mmezinunua shamba gani?"

"Kwa Faridah," mama yake alijibu, akamsogezea sinia shangazi wa Jasim.

Mche wa sita ulipona. Ulidondosha nusu ya majani, ukakaa kama unaofikiria kwa siku kumi, kisha ukatoa chipukizi chini kabisa. Faridah alikata sehemu iliyoungua, akaacha vichipukizi viwili tu, vile alivyoviamini.

Baada ya Idi, hewa ilibadilika ndani ya siku tatu. Yusufu aliacha kulalamikia baridi akaanza kulalamikia kiyoyozi. Asubuhi moja Mama Jasim aliomba apelekwe tuta la ukutani. Alikaa kwenye kigoda, akavua pete na kumpa Faridah amshikie, akainama kadiri magoti yalivyomruhusu, akazamisha mkono udongoni. Safari hii hakuhesabu.

"Leo?" aliuliza.

Faridah alitia wake kando ya ule wa bibi. Juu palikuwa na joto, lakini vidole vya chini vilikuta ubaridi kidogo. "Keshokutwa. Kesho usiku nitaziloweka kwenye maji ya uvuguvugu."

"Mimi ningepanda leo."

"Najua, Mama."

Walipanda keshokutwa. Siku ya sita baadaye bamia zilikuwa zimeinua udongo kama vipande vya sahani, na Mama Jasim, kwenye kigoda chake, alihesabu miche ishirini na miwili, kisha akahesabu tena kuhakikisha. Mrihani nao ulinunuliwa wiki hiyo, ukawekwa kando ya mlango wa jikoni.

Mwanzoni mwa Aprili Philip alipiga simu. Alikuwa amepata kazi katika shamba la maua karibu na Naivasha, mkewe alikuwa mjamzito, na hakuwa anarudi. Jasim alikuja siku hiyo hiyo kumwambia mama yake kwamba angetafuta mtunza bustani mwingine, pengine kupitia wakala. Faridah alikuwa akimimina kahawa. Akaliweka dele la kahawa chini.

"Baba Hamad," alisema, akimwita Jasim kwa jina la mwanawe, "tafuta mtu wa kufagia na kupiga pasi. Bustani naichukua mimi. Na Mama nitaendelea kumwogesha mwenyewe."

Jasim alimtazama mama yake. "Sijawahi kuona mwanamke mtunza bustani katika nyumba yoyote ya hapa."

"Umekula figili zake," Mama Jasim alisema. "Mwandikie mkataba mpya."

Mkataba uliandikwa, na Jumamosi Faridah alikaa kiti cha mbele, karibu na Yusufu, wakielekea kuchukua magunia manne ya samadi na wavu wa kivuli. Alikuwa amemwuliza bibi ni mimea gani huvumilia joto la Julai, na alikuwa ametajiwa mitatu tu. Mmoja kati ya hiyo hakuuamini, akakusudia kuupanda mche mmoja kwanza, auone.

"Samadi ndani ya gari ya Mama," Yusufu alisema. "Itanuka mpaka Idi ya Mfungo Tatu."

"Tumetandika nailoni nyuma. Endesha."