Kichwa Chini ya Bakuli

Walifika dukani kwangu Nachingwea kwa bodaboda mbili kutoka Mbekenyera: Munira na mumewe Habibu kwenye moja, na Harithi, kaka wa Habibu, kwenye nyingine, amepakata bakuli la sukari la fedha. Kazi yangu ni kutengeneza saa. Alama zinazogongwa kwenye vyombo vya fedha kuonyesha vilikotengenezwa na lini, nilijifunza mwenyewe, polepole.

"Fundi, sema kweli," Harithi alianza. "Mzungu wa mashamba ya karanga alimpa babu yetu bakuli hili. Huyu kaliiba sandukuni mwa marehemu mama."

"Shemeji, hili ni la baba yangu," Munira alisema. "Alilinunua mnadani Lindi."

Habibu alitazama sakafu. Nikaelewa: likiwa la babu, Munira anarudishwa kwao leo hii.

"Babu alifariki lini?" niliuliza.

"Mwaka arobaini na tisa," Harithi alijibu. " Mzungu mwenyewe alitoa sanda. Na mama alituambia, chini kuna kichwa cha mfalme."

Niligeuza bakuli. Kitako kilikuwa laini, alama hazisomeki.

"Unalisafisha na nini, mama?"

"Majivu na mchanga," Munira alijibu. "Kila Idi."

Harithi akacheka. "Mwizi msafi huyu! Kafuta ushahidi."

Niliwasha koroboi, nikakifukiza kitako mpaka kikawa cheusi. Nikabandika selotepu, nikaibandua, nikaibandika kwenye karatasi nyeupe. Zikatoka alama: nanga ya mji lilikotengenezwa, simba wa fedha halisi, pengo palipokuwa na herufi ya mwaka, halafu kichwa chenye taji.

"Kichwa hicho!" Harithi alipiga meza. "Habibu, umeona?"

Munira alishika ukingo wa meza. Nikavaa lenzi. Shingo nyembamba. Nywele zimefungwa kisogoni. Nikatazama tena, maana ndoa ya mtu haivunjwi kwa kutazama mara moja.

"Huyu si mfalme," nilisema. "Ni malkia wa Uingereza. Kichwa hiki chenye taji kilipigwa kwenye vyombo miaka ile alipotawazwa, mwaka hamsini na mbili mpaka hamsini na nne. Babu yenu alikuwa kaburini."

"Sasa la babu liko wapi?" Harithi aliuliza.

"Sijui. Ila silo hili."

Habibu aliinuka haraka. "Mke wangu, twende nyumbani."

Munira alilifunga bakuli kwenye kanga bila kumtazama.

"Shemeji aliniita mwizi pale Mbekenyera, kijiweni kwa bodaboda, watu wamejaa. Atangulie, akaseme kwa sauti ile ile kwamba mimi si mwizi. Mimi nitakuja nyuma, nisikilize."

Harithi alitoka kumwita dereva wake.