Vifaru vya Mahona na Ng'ombe wa Nyanjige

Mayunga aliiweka ngoma ya marehemu baba yao iwe dau, tena mbele ya watu, tena bila kumuuliza dada yake. Kiherehere gani kile! Alikuwa ametoka kucheza ngoma na Wagika wenzake baada ya mavuno, jasho halijakauka, Mahona wa Wagalu, kundi pinzani la ngoma, akamtania kwamba Wagika wanajua kuruka tu, akili ya vita hawana. Basi mtu mzima akabwata, "Dada yangu atakupiga kwenye ubao wa Januarius. Akishindwa, chukua ngoma yetu!"

Ubao huo wa mchezo wa vita Somanda nzima iliujua. Januarius, seremala aliyewahi kuwa askari, aliuchonga mwenyewe, akauchorea mito na malisho. Askari ni vizibo vya soda, ng'ombe ni mbegu za pamba. Zamani askari hao walipigana kwa mikuki tu. Lakini soko huria lilipoingia, kila mwenye lori na mzani akawa ananunua pamba Bariadi na maduka yakajaa vitu vipya, Januarius akaona vita vyake vimepitwa na wakati. Akaleta vifaru, yaani betri kuukuu za redio. Zamu yako ikifika unachagua: ama uteke malisho uongeze ng'ombe, ama urushe dadu. Sita ikitoka, kizibo chako kinageuka kifaru papo hapo, bure. Ila kila hatua ya kifaru inakula ng'ombe mmoja, kwa sababu, alivyosema Januarius, dizeli haioti porini.

Nyanjige, dada mwenyewe, alisimamisha cherehani aliposikia habari ya dau.

"Ngoma ya baba, Mayunga? Niliyokuomba niipige hata mara moja ukaninyima, leo unaigawa?"

Mayunga alikosa pa kuuficha uso. Baba yao ndiye aliyemfundisha Nyanjige kuipiga, na siku alipozikwa, Mayunga aliibeba akaifanya yake peke yake. Sasa ingeweza kwenda kwa Mahona. Afanye nini? Akafanya kile wanachofanya wachezaji wote wa ngoma kabla ya mashindano: akaenda kwa mganga, akarudi na dawa ya bahati. Siku ya mchezo aliomba dadu, ati alikague, akalipaka dawa pande zote kwa kidole gumba.

Wagika na Wagalu walijaa kwenye karakana ya Januarius. Mahona akaanza. Sita! Wagalu wakapiga vigelegele. Nyanjige hakurusha, alisogeza vizibo vyake malishoni akapewa mbegu zake. Mahona akarusha tena. Sita! Loo, hapo ndipo Mayunga alipong'amua kosa lake. Dadu lilikuwa moja, la wote wawili, na dawa haikuuliza nani Mgika nani Mgalu.

Alimwinamia dada yake sikioni. "Dada, nisamehe. Nimelipaka dadu dawa."

"Lote?"

"Lote."

Nyanjige alibana kicheko. "Basi mwache alirushe."

Na kweli Mahona alilirusha! Malisho hakuyatazama tena, zamu kwa zamu ni dadu tu, na sita zikaja mpaka vifaru vyake vikasimama vinne, vyeusi, vya kutisha. Nyanjige alikuwa na mikuki mitupu na rundo la mbegu za pamba. Mahona akavisukuma mbele vifaru vyote kwa pamoja. Nyanjige akakimbia. Akavuka mto wa kwanza, Wagalu wakazomea. Akavuka wa pili, hata Wagika wakaanza kuguna. Mayunga aliiona ngoma ikiondoka, moyo ukamuuma kama amefiwa upya.

Mahona akanyoosha mkono achukue mbegu za hatua inayofuata. Mkono ukarudi mtupu.

"Mafuta yamekwisha," alisema Januarius.

Vifaru vinne vilikwama ng'ambo ya mto, hatua mbili tu kutoka kambi ya Nyanjige. Mwanamke yule hakuwa na haraka. Alivizingira kwa vizibo vyake, kimoja baada ya kingine, na sheria ya Januarius ni kwamba kifaru kilichokwama ni cha yule aliyekizingira. Kisha akafungua rundo lake la mbegu, akavilisha, akavigeuza, akavipeleka moja kwa moja mpaka kambini kwa Mahona, na mchezo ukaisha. Weee! Mayunga alimtazama dada yake kama hajawahi kumwona. Miaka yote hiyo yeye alidhani dada hushinda kwa bahati tu.

Mahona aliinuka akampa mikono yote miwili. "Wabeja, mayu, asante sana mama. Nimepigwa na vifaru vyangu mwenyewe."

Watu walitoka nje wakidai ngoma, Wagika kwa Wagalu. Mayunga akaivaa shingoni kama kawaida yake, akainua vijiti, kisha akavishusha. Nyanjige alikuwa amesimama pembeni na wanawake wengine, tayari kumpigia makofi ndugu yake, kama alivyompigia tangu baba alipokufa.

Mayunga aliivua ngoma, akaenda kumvalisha.

"Ipige, dada," alisema. "Mimi nitacheza."

Nyanjige aliupokea mkanda, akapima kamba kwa kiganja jinsi baba yao alivyokuwa akifanya, na kabla hajapiga hata pigo moja, Mayunga alikuwa ameshaanza kulia.